Chandarua cha hamaka: mbu anauma kutoka chini

Katika majimbo ya mashariki, kazi inalalisha watu wengi inje ya nyumba zao. Kuna wachimbaji wanaoshuka Walikale, Shabunda ao Mambasa kutafuta zahabu na koltani. Kuna wakata mbao, wachoma makala, wawindaji, na wale wanaolinda mashamba yasiliwe na nyama wa pori. Chini ya miti udongo uko na maji, siafu wanapita wakati wanataka, na nyoka hapigi hodi. Ndiyo maana wengine wanafunga bashe, gunia zilizoshonwa pamoja ao kitenge kati ya miti miwili na kulala juu yake. Kifaransa kinaita kitanda hicho hamac, na neno lenyewe lilitoka kwa Wataino, watu wa visiwa vya Karibi, ambao Wahispania waliwakuta wakilala hivyo tangu 1492. Hapa kitaitwa hamaka.

Hamaka inaondoa mutu ku udongo, lakini haimuondoe ku mbu. Na chandarua cha nyumbani kikitupwa juu yake sawa shuka, mara mingi hakisaidie kitu. Asubuhi mutu anaamuka na alama za mbu ku mugongo na ku mapaja, anasema vyandarua vya siku hizi havina nguvu tena. Shida kubwa haiko ku dawa ya chandarua. Iko upande wa chini.

Mbu anayepana malaria, anofele, anauma usiku, na zaidi kati ya saa ine za usiku na saa kumi na moja za alfajiri. Anatafuta mutu kwa kufuata pumuzi, harufu ya ngozi na joto la mwili, na anazunguka mpaka apate njia. Ku kitanda cha nyumbani matela inakinga mugongo, kwa hiyo chandarua kina kazi ya kufunga juu na pembeni tu. Ku hamaka hakuna matela. Mugongo, matako na miguu vimeegemea kitambaa kimoja ambacho uzito wa mwili umekivuta sawa ngozi ya ngoma. Kama kitambaa ni chepesi, mutu akilala mbu anasimama chini yake na kupitisha mudomo wake bila shida. Vile vile fasi chandarua kinapogusa bega ao goti: mbu anakaa inje na kunywa kupitia tundu. Chandarua kinafanya kazi kikiwa chumba, hakifanye kazi kikiwa blanketi. Kwa hamaka, chumba hicho kinapaswa kuwa na sakafu pia.

Kule Vietnam na Kambodia, ambako watu wengi wanalala pori kwa sababu ya kazi, vyandarua vya hamaka vyenye dawa vimegawiwa kwao. Kwetu kampeni inagawa vyandarua vya kitanda, vya mistatili. Mwenye kutaka cha hamaka anakishona mwenyewe ao anamupelekea fundi wa nguo.

Ni chandarua gani kinakatwa?

Ulizo hili linakuja mbele ya sindano, na ndani yake kuna neno la nyumba nzima. Kampeni inahesabu chandarua kimoja kwa watu karibu wawili. Baba wa watoto ine akiweka kimoja ndani ya mufuko na kushuka nacho pori, kuna watoto wawili ambao wanabaki wazi usiku ule ule. Na ni watoto chini ya miaka mitano pamoja na wamama wenye mimba ndio malaria inaua haraka zaidi. Hata kama baba ndiye anatafuta pesa ya chakula, chandarua kinachofunika watoto hakina haki ya kusafiri. Bibi anayekataa kitoke nyumbani hana roho mubaya, anajua hesabu.

Kwa upande mwingine, baba naye hapaswe kwenda bila kitu. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Katika hesabu za OMS za mwaka 2022, karibu wagonjwa 12 kwa kila 100 wa dunia nzima walikuwa wa inchi hii. Tena kuna hatari ambayo watu wa milima wanaisahau. Mutu aliyekomalia Butembo, Lubero ao milima ya Masisi, fasi ya baridi yenye mbu kidogo, mwili wake haukuzoea malaria sawa wa yule aliyezaliwa Shabunda. Akishuka pori la chini na kuumwa, ugonjwa unaweza kumukamata na nguvu sana, hata kama ni kijana mwenye misuli.

Basi kinachokatwa ni kile cha zamani, kilichotolewa ku kitanda juu kipya kimefika. Tundu zake zinashonwa ao kuzibwa na kiraka. Dawa yake imepunguka, ndiyo. Dawa inadumu karibu miaka mitatu, ao mara makumi mawili ya kufuliwa. Lakini chandarua kizima ambacho hakigusane na mwili kinazuia mbu hata bila dawa, ni ukuta. Kama hakuna cha zamani, kununua kitambaa cha chandarua ku soko ni bora kuliko kupunguza cha watoto. Kitu cha kuangalia ku soko ni ukubwa wa tundu. Vyandarua vya kampeni viko na tundu karibu 24 ndani ya santimetre moja ya mraba. Kitambaa cha pazia chenye tundu kubwa kinapitisha mbu, na kile kizito sana kinapitisha joto peke yake: mutu anatoka jasho, anakifungua katikati ya usiku, na kazi yote imeharibika.

Kukata na kushona

Chandarua cha mistatili chenye urefu wa santimetre 180, upana 160 na kimo 150 kinatosha kwa hamaka moja ya metre tatu, na kitambaa kinabaki. Kwanza paa linafunguliwa kwa kukata uzi wa mushono polepole, kwa wembe. Paa linawekwa pembeni, litatumika. Kuta ine zinabaki zimeungana sawa mukanda wa muviringo. Zinakatwa ku mushono mumoja wa kona, na sasa kuna kitambaa kimoja kirefu cha santimetre 680 kwa 150. Kinakunjwa katikati na kukatwa: vipande viwili, kila kimoja 340 kwa 150. Vipande hivyo vinalazwa kimoja juu ya kingine na kushonwa pande zote mbili za urefu. Kinachotoka ni kitu sawa mukono wa shati kubwa sana, ao soksi iliyo wazi ku ncha zote mbili: urefu wa metre tatu na nusu kidogo pungufu, na muzunguko karibu metre tatu.

Hapo hamaka yote itapita ndani, sawa muguu ndani ya soksi.

Mushono unaomba uangalifu kuliko kipimo. Uzi wa chandarua ni mwembamba, na sindano ikipita karibu na ukingo, mushono unafunguka siku ya kwanza mutu anapoukanyaga. Mafundi wazuri wanakunja ukingo mara mbili na kuweka ukanda wa kitenge ndani yake, upana wa vidole viwili, ili sindano ishike nguo na isishike tundu. Uzi wa pamba unaoza mbio ndani ya unyevu wa pori. Uzi wa polyester ni bora. Ku mukono kazi inawezekana, inachukua siku mbili ao tatu za magharibi. Ku mashini ni saa moja ao mbili, na fundi atalalamika juu kitambaa kinateleza chini ya muguu wa mashini. Akiweka karatasi ya gazeti chini ya chandarua na kushona vyote pamoja, hakitateleza; karatasi inapasuliwa kiisha.

Ku ncha zote mbili za soksi ukingo unakunjwa upana wa santimetre tatu, na kamba nyembamba inapitishwa ndani, sawa kamba ya kaptula. Ndiyo itakayofunga mudomo wa chandarua.

Kisha mulango. Hapa watu wanatofautiana. Wenye kupenda tireti wanashona moja ya metre moja upande mumoja, katikati. Inafunga vizuri sana wakati ni mupya. Udongo wa kare na muchanga wa muto ukiingia ndani ya meno yake, inakataa kufunga, na tireti isiyofunga ni tundu la metre moja. Mulango wa nguo hauna meno ya kuvunjika. Wakati wa kushona upande mumoja wa urefu, katikati inaachwa wazi karibu metre moja. Kisha kutoka ku lile paa lililowekwa pembeni kinakatwa kipande cha santimetre 140 kwa 50, kinashonwa ku ukingo wa juu wa ule uwazi na ku pande zake mbili fupi ku kona za juu tu, ili kianguke ndani sawa pazia na kupita ukingo wa chini kwa mukono mzima. Mutu akiisha kuingia, anakishika na vibanio vya nguo vine ao vitano. Vibanio hivyo ni vya bei ya chini na vinapatikana ku kila soko. Kama vimepotea, kipande kinaingizwa chini ya blanketi na uzito wa mwili unakishikilia.

Kamba ya juu

Chandarua bila kitu cha kukinyanyua kitaanguka ku uso wa mwenye kulala. Inaombwa kamba moja nyembamba isiyovutika, inayotoka ku kichwa cha hamaka mpaka ku miguu yake, juu ya mutu, ndani ya soksi. Kwa hamaka ya metre tatu, kamba hiyo inakatwa metre mbili na nusu kati ya fundo na fundo. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Kamba ikiwa na urefu huo, hamaka inakuwa na tumbo lile lile kila usiku, hata miti ikiwa karibu ao mbali kidogo: katikati yake itashuka karibu santimetre 70 chini ya kamba. Chandarua kinalala juu ya kamba, kinaanguka pande mbili, na kwa sababu muzunguko wake ni metre tatu, sehemu yake ya chini itaning'inia chini ya mugongo bila kuugusa.

Ni huo uwazi wa chini ambao kazi yote inautafuta. Mwenzake anapaswa kuinama na kuangalia wakati mwenye hamaka amelala ndani: kati ya kitambaa cha hamaka na sakafu ya chandarua mukono unapaswa kupita bila kugusa huku na huku. Kama haupite, muzunguko ni mudogo, ao kamba ya juu imefungwa na urefu mubaya. Pembeni pia kuna kazi kidogo. Mabega na viwiko vinasukuma hamaka inje, na hapo inaweza kukutana na chandarua. Viraka viwili vya kitenge vinashonwa upande wa mabega, kimoja kuume na kimoja kushoto, kila kimoja na uzi wa kufunga ku kijiti ao ku kichaka, ili ukuta uvutwe inje. Wenye kulala na mikono wazi wanazihitaji sana nyuzi hizo.

Kwa wale ambao hawana chandarua cha kutosha kufanya sakafu, kuna njia ya maskini: hamaka inatandikwa gunia la pili ao blanketi nzito chini ya mwili, na chandarua kinafunika juu na pembeni, kisha kingo zake zinafungwa pamoja chini ya hamaka kwa kamba. Inasaidia. Lakini usiku blanketi inateleza, na fasi ilipotoka ndiyo mbu anapata.

Ku miti

Kabla ya kufunga upande wa pili wa hamaka ku muti, soksi inavalishwa. Ukisahau, unafungua yote tena ndani ya giza. Kamba za soksi zinakazwa juu ya kamba ya hamaka yenyewe, inje ya lile fundo la kitambaa, na kipande cha nguo kinazungushwa hapo ili mikunjo isiache vijitundu. Mbu wanatembea ku kitambaa wakitafuta.

Miti inayofaa ni mizima, minene kuliko paja, iliyoachana karibu metre ine. Kabla ya kitu chochote, macho yanaenda juu: tawi kavu lililokaa ndani ya muti linaua watu pori, zaidi usiku wa upepo. Kamba inafungwa karibu na kimo cha macho, na kushuka mpaka ku hamaka kwa mutelemuko unaoonekana wazi. Vijana wengi wanaivuta mpaka inyooke, wanafikiri ndiyo nguvu. Ni kinyume. Kamba ikishuka kwa mutelemuko wa digrii 30, mutu wa kilo 70 anavuta kila upande kwa nguvu ya kilo 70. Ikivutwa mpaka digrii 10, kila upande unabeba nguvu ya karibu kilo 200, na fundo linapasuka saa nane za usiku. Mipira ya kufungia muzigo ku chukudu ao ku pikipiki haifai hapa: inavutika, mutu anashuka polepole mpaka mugongo unakutana na sakafu ya chandarua, na sakafu ya chandarua inakutana na udongo.

Mvua inaomba bashe juu ya yote, iliyofungwa ku kamba yake yenyewe, pana kuliko chandarua. Maji yatafuata pia kamba ya hamaka kutoka ku muti mpaka ndani. Uzi mufupi wa nguo, uliofungwa ku kamba hiyo kati ya muti na chandarua na kuachwa uning'inie, unapotosha maji yadondoke chini. Siafu nao wanafuata kamba ile ile. Kitambaa kidogo chenye mafuta ya taa, kilichozungushwa karibu na muti, kinawarudisha. Kisiguse chandarua.

Na moto uwe mbali. Nyuzi za vyandarua ni za plastiki, zinayeyuka ku ngozi. Mushumaa ndani ya chandarua cha hamaka, ambapo mutu amezungukwa pande zote mpaka chini, ni kitu cha kukataza kabisa. Taa ya pili ao tochi ya simu inatosha. Mutu anapaswa pia kujaribu kutoka haraka, macho yamefungwa, muchana, mara mbili tatu, kabla ya usiku wa kwanza.

Kutunza

Chandarua kipya chenye dawa kinaanikwa kivulini siku moja kabla ya kulaliwa, la sivyo ngozi na macho vinaweza kuwasha. Jua linakula dawa, kwa hiyo asubuhi chandarua kinafungwa ndani ya mufuko na hakiachwe kimening'inia muchana kutwa ku uwazi. Moshi na udongo vinakifanya kizito, lakini kufua kila wiki ni kutupa dawa. Kinafuliwa kikichafuka kweli, ndani ya beseni, na sabuni ya kawaida, bila javel, bila kusuguliwa ku jiwe. Si ndani ya muto wala ku ziwa: dawa inayoua mbu inaua samaki na wadudu wa maji pia. Maji ya kufulia yanamwagwa ku udongo, mbali na kisima. Wanaotumia vyandarua kuvua ndakala ku Tanganyika wanajua kwamba tundu hizo hazibakize hata mutoto wa samaki, na hiyo ni habari ingine, ndefu.

Kila magharibi, kabla ya giza, chandarua kinaangaliwa na mwanga nyuma yake. Tundu la kidole linatosha. Vipande vilivyobaki vya paa ni vya kazi hiyo, pamoja na sindano moja na uzi ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Chandarua hakilinde mutu wakati anakaa inje ku moto akizungumuza mpaka usiku, wala ku mbu wanaouma muchana. Suruali ndefu na mikono mirefu zinasaidia saa zile. Na homa ikikamata, ndani ya siku hiyo hiyo mutu anapaswa kutafuta kituo cha afya ao muhudumu wa afya wa kijiji mwenye tesiti ya haraka, ile ya tone la damu ku kidole. Vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja ku kare, bila karatasi, vinaweza kuwa vya uongo ao dozi nusu. Kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, degedege, mukojo mweusi, kupumua kwa shida: hizo ni alama za kubeba mugonjwa ku hospitali bila kungoja asubuhi.

Malaria inachukua mara mingi siku saba mpaka siku kumi na ine ao zaidi kati ya kuumwa na homa. Kwa hiyo mwenye kutoka Walikale anaweza kufika Goma muzima, kisha homa ikamukuta nyumbani wiki inayofuata. Munganga anapaswa kuambiwa mara moja kwamba mugonjwa alikuwa pori, ni wapi, na alitoka siku gani. Wamama wenye mimba wanapata chandarua chao bila kulipa ku CPN, na watoto wachanga ku CPS wakati wa chanjo.